Langaigh Hawabishi Hodi

Dirisha la jiko la Ceit Anna lilitazama magharibi, na hilo ndilo lililomponza. Angepewa nyumba ya upande wa pili wa barabara, ile inayotazama kilima na zizi la kondoo, huenda angezeeka kwa amani kama watu wengine wa Harris, kisiwa kile kikubwa cha Uskoti. Lakini alipewa hii, na kila alipoosha vyombo, Langaigh ilikuwa pale mbele yake, juu ya bomba la maji, kisiwa cheusi chenye nundu mbili. Siku za ukungu hakikuwepo. Siku za jua kilisogea karibu hata ukadhani utasikia mbwa akibweka.

Mbwa hakuna. Hakuna aliyekaa Langaigh tangu Ceit Anna akiwa msichana wa miaka tisa, siku meli ilipokuja kuwachukua wote, na vitanda vyao, na ng'ombe, na saa ya ukutani ya babu yake iliyofungwa kwenye blanketi kama mgonjwa. Hawakufukuzwa na mtu. Shule ilikuwa imebaki na watoto wa kuhesabu kwa mkono mmoja, vijana walikwenda Glasgow wakasahau njia ya kurudi, na majira ya baridi bahari ilikataa boti wiki kwa wiki, mgonjwa akabaki anatazama dari. Wakaomba wenyewe wahamishwe. Ukiomba jambo mwenyewe huna wa kumlaumu, na hilo nalo ni tabu.

Harris waliwapokea vizuri. Ceit Anna aliolewa na Ruairidh, mfumaji, mtu mpole aliyeimba akiwa kwenye kitanda chake cha kufumia nguo na kunyamaza akiwa mezani. Wakapata binti mmoja, Seonag. Ceit Anna akawapikia watoto wa shule mpaka alipostaafu, na wapo wanaume wenye mvi leo wanaosema hawajaonja tena supu kama ile. Ruairidh alipofariki alilia kama wajane wote wanavyolia. Hakuna aliyeweza kusema kwamba maisha yalimnyima. Lakini hamu ya kwao ilikuwa imemkaa kifuani tangu siku ya meli, haikuondoka kwa ndoa, wala kwa mtoto, wala kwa sala. Alizoea kuishi nayo kama mtu anavyozoea goti bovu.

Ajabu ni kwamba hakuwahi kwenda. Langaigh unaiona kwa macho, boti huenda kila kiangazi, na wenzake wote waliozaliwa kule walikwisha kwenda, wengine kukata manyoya ya kondoo, wengine kula mayai ya kuchemsha juu ya nyasi na kupiga picha. Ceit Anna kila mara alikuwa na sababu. Mara mikate iko kwenye tanuri, mara goti, mara bahari. Mwisho watu wakaamua kwamba anaogopa bahari, naye akawaacha waamini hivyo. Sababu yenyewe ilikuwa mlango.

Langaigh hawabishi hodi. Milango haikuwa na kufuli, na mwenyeji aliusukuma tu, akasema mguu ukiwa kizingitini, "Mungu awe humu ndani." Waliomo humjibu, "Nawe uwe humu pamoja naye," na hapo mtu amekwisha kukaa na kikombe kimo mkononi. Aliyebisha alikuwa mgeni, na mgeni kule alikuwa mtu wa serikali au mleta habari za maiti. Mlango ukigongwa, watu wa ndani walitazamana na kunyamaza, na mbwa akaingia chini ya kitanda.

Sasa siku ya kuhama, mama yake Ceit Anna, aliyeitwa Mòr, alifagia sakafu mpaka ikang'aa, akawatoa watoto nje, akavuta mlango. Wanawake wengine walikuwa wanalia njia nzima hadi bandarini. Mòr hakulia. Aligeuka, akakunja ngumi, akaugonga mlango wa nyumba yake mwenyewe. Akangoja. Watoto nao wakangoja, wameshikana mikono, wasijue wanangoja nini.

"Mmesikia?" Mòr akasema. "Hakuna aliyejibu. Kuanzia leo sisi hapa ni wageni."

Akateremka bila kutazama nyuma. Ndugu zake Ceit Anna walisahau jambo hilo kabla ya jioni. Yeye alilichukua kama amri. Kwenda Langaigh alitaka kuliko kitu chochote duniani, lakini kwenda kusimama mbele ya mlango wa kwao na kubisha kama mkusanya kodi, hilo hakuliweza. Na kuingia bila kubisha aliona hana haki tena, maana mama amekwisha kusema. Basi akabaki dirishani na sabuni mikononi.

Miaka ikapita hivyo, na watu wa Langaigh wakapungua. Mwisho kijijini walibaki watatu. Yeye Ceit Anna, na binamu yake Tormod, na bibi Oighrig, ambaye macho yalikwisha kufa na siku hizi hakumtambua hata mwanawe aliyemlisha.

Tormod ndiye aliyekuwa na boti. Watu walimwita Tormod Kimya, kwa sababu tangu alipojifunza kusema hajafunga mdomo. Kila kiangazi aliwapeleka Langaigh watu wa fimbo na darubini, wale wanaotoka mijini kuja kutembea kisiwa kizima kutwa nzima, wakitazama ndege na wanyama wa bahari waitwao sili, na kutumbukia kwenye matope kwa furaha. Aliyewaongoza ni msichana mmoja, Mairead, aliyejua njia na ndege, na supu aliipika mkewe Tormod, Peigi. Mwaka huo Peigi alianguka ngazini akapaka rangi zulia badala ya ukuta, na mkono wake ukafungwa plasta.

Tormod akaja jikoni kwa Ceit Anna, akaingia bila kubisha, akakaa.

"Supu tu," akasema. "Usishuke kama hutaki. Kaa botini kama paka, mimi sitakusukuma."

"Na utanyamaza njia nzima?"

"Naahidi yanayowezekana, we mwanamke." Akageukia dirisha, naye akaiona Langaigh juu ya bomba. "Kiangazi kikiisha nauza boti. Magoti yangu yamekataa kazi. Mwakani ukipata hamu utakwenda na nani? Utaomba lifti kwa sili?"

Ceit Anna alisema ana mikate kwenye tanuri. Tormod akainuka, akafungua tanuri. Lilikuwa baridi, halina hata chembe ya mkate. Wakatazamana.

"Supu tu," akasema Ceit Anna. "Sishuki."

Asubuhi ya safari alifika gatini na sufuria la supu ya kondoo na shayiri, kitambaa kichwani, na amevaa koti lake la kanisani, la buluu nzito, alilonunua kwa mazishi ya Ruairidh. Tormod akalitazama koti, akalitazama sufuria. Kwa mara ya kwanza alijizuia kusema. Hakufika mbali.

"Koti la kanisani, kwa kupakua supu," akamwambia usukani.

Bahari siku hiyo ilikuwa imetulia, utulivu usio wa kawaida upande ule. Ndege weupe wakubwa walijitupa majini kichwa chini, mmoja baada ya mwingine, na watu wa darubini wakawa wanavuta pumzi kila mara kana kwamba ni wao wanaoanguka. Kisha wakaja wale wafupi wenye midomo ya rangi za sikukuu, wakipiga mbawa kwa haraka kama waliochelewa shuleni. Mairead aliwataja mmoja mmoja kwa wageni. Ceit Anna alikaa ameipa bahari mgongo, ameshikilia kifuniko cha sufuria, na hakugeuka mpaka aliposikia mawimbi yakibadilika sauti. Sauti ile aliijua. Ni ya maji yakiingia kwenye ghuba ya kijiji na kukuta mawe. Akageuka, na kisiwa kilikuwa juu yake, kikubwa, cha kijani kibichi, na nyumba zote zimesimama bila mapaa.

Ya kwao ilikuwa ya tatu kutoka kijitoni. Kuta zote bado zipo. Akashika ukingo wa boti.

Mairead aliwashusha wageni kwa mtumbwi wa mpira hadi kwenye mwamba, akawaongoza kupanda, fimbo zao zikigonga mawe. Wakabaki binamu wawili na sufuria. Ceit Anna akampakulia Tormod supu. Tormod akala. Akamaliza, na hakusema neno. Boti ikazunguka taratibu kwenye nanga, na bado hakusema neno, mpaka Ceit Anna akaogopa.

"Mbona umenyamaza? Unaumwa?"

"Mama yako alikaa hivyohivyo ulivyokaa," Tormod akasema. "Na sufuria mapajani."

Akamweleza. Ilikuwa kiangazi cha pili baada ya kuhama. Wanaume walikuja kukata manyoya ya kondoo waliowaacha kisiwani, na Tormod, kijana aliyeanza kuota ndevu, alikuwa pamoja nao. Mòr alijitolea kuja kuwapikia. Aliwaambia atapika pwani, kijijini hapandi. Chakula kikaiva, Mòr haonekani, Tormod akatumwa kumtafuta. Alimwona kwa mbali kidogo akikaribia mlango wake. Wakati huo mapaa yalikuwa bado yapo.

"Hakubisha," Tormod akasema. "Alisukuma mlango, akasema 'Mungu awe humu ndani,' akaingia. Halafu nikamsikia anajijibu mwenyewe. 'Nawe uwe humu pamoja naye.' Nilipofika alikuwa anafagia. Akifagia na kulia, vumbi na machozi, uso wote matope."

Ceit Anna akalifunika sufuria.

"Akanishika sikio hili. Akasema watoto wake walimwona akiugonga mlango siku ya kuhama, na nikiwaambia ameingia bila kubisha, watalia kila siku kutaka kurudi, na huku hakuna pa kurudi. 'Waache wazoee,' akasema. Nikaapa."

"Mama amekufa lini, Tormod?"

"Najua amekufa lini. Nililibeba jeneza."

"Na ukaendelea kunyamaza. Wewe, ambaye ulitangaza posa yangu kijiji kizima kabla sijaambiwa mimi."

"Wewe ulisema unaogopa bahari," Tormod akasema, naye sasa amekasirika. "Ningejuaje? Mtu ananiambia anaogopa bahari, mimi nimjibu habari za mlango? Mpaka leo asubuhi nilipoliona hilo koti. Nikasema huyu haogopi bahari hata kidogo, huyu anakwenda kwa watu."

Ceit Anna aliangalia maji. Alitaka kumkasirikia mama yake na akashindwa, maana alimwona waziwazi, na ufagio, na uso wa matope. Miaka yote hiyo ametii neno ambalo aliyelisema hakulitii hata miaka miwili. Alicheka kidogo, na kicheko kikageuka kilio, na Tormod akajishughulisha kuosha bakuli ambalo lilikuwa tayari safi.

"Nishushe," akasema.

Kumtoa botini kukawa kazi ya kuchekesha, magoti mawili mabovu yakilisaidia moja bovu, na Tormod akapata tena ulimi wake wote. Alimwambia ashike hapa, asishike pale, akanyage kama bibi harusi, asikanyage kama ng'ombe. Juu ya mwamba Ceit Anna akasimama peke yake. Nyasi zilikuwa fupi na laini vilevile. Miguu ilijua pa kupita. Ilimkwepesha tope la chini ya kisima kabla yeye mwenyewe hajalikumbuka.

Wageni walikuwa wamekaa kando ya kijito wakila, darubini zimeelekea juu kwenye majabali. Mairead alimwona akielekea nyumba ya tatu, akamkimbilia.

"Mama, samahani," akasema kwa upole. "Humo hatuingii. Kuna kinda la fulma mekoni. Ukimkaribia atakutemea, na ile harufu haitoki."

Fulma ni ndege wa bahari, wa kijivu, ukimwona kwa mbali utasema shakwe aliyenenepa. Akisumbuliwa kiotani hutema mafuta kutoka tumboni, na hutema mbali, naye hakosei. Watu wa mjini husimuliana habari hiyo kwa kuogopa. Langaigh mafuta hayo yalikuwa dawa. Bibi yake Ceit Anna aliyaweka kwenye chupa nyuma ya mlango, akawasugua watoto vifuani wakikohoa, akapaka viatu, akampaka ng'ombe chuchu zilizopasuka, na alipoishiwa mafuta ya taa aliwashia hayohayo. Nyumba nzima ilinuka fulma, nguo zilinuka, hata Biblia. Walipofika Harris, watoto wa shule walibana pua zao wakiwaona, na Mòr akazichemsha nguo zao mara kwa mara mpaka Langaigh ikawatoka.

"Sitamgusa," Ceit Anna akamwambia Mairead. "Nataka kusalimu tu."

Mairead akamtazama, akalitazama lile koti, akarudi nyuma hatua chache. Msichana mwenye akili.

Mlango haukuwepo. Kizingiti kilikuwepo, jiwe moja refu lililolika katikati kwa miguu ya watu wake. Ndani kulikuwa na mbingu juu na majani ya kuwasha yamejaa pale palipokuwa kitanda cha wazazi wake, kitanda alichozaliwa juu yake. Na mekoni, juu ya jiwe la moto lenyewe, alikaa kinda. Alikuwa mkubwa kama kuku, mweupe wote, manyoya yamemfumka kama godoro lililopasuka, na macho mawili meusi yasiyo na adabu. Wazazi wake walikuwa baharini. Alikuwa peke yake nyumbani.

Mkono wa Ceit Anna uliinuka wenyewe, ngumi imekunjwa, kuelekea ukutani. Akautazama. Akaushusha.

Akaweka mguu kizingitini.

"Mungu awe humu ndani," akasema.

Kinda akafungua mdomo, akakoroma kama mzee aliyeamshwa, na akamtemea. Mafuta ya rangi ya machungwa yakampata kifuani na mkono mzima wa kushoto, ya moto, mengi kupita kiasi kwa kiumbe cha ukubwa ule. Mairead akapiga kelele. Harufu ikapanda, na ilikuwa kikohozi cha usiku, na mkono wa bibi yake, na kamba ya viatu vya baba, na Biblia, vyote kwa pamoja, na Ceit Anna akafumba macho pale mlangoni akaivuta mpaka ndani kabisa. Hamu aliyoishi nayo maisha yake yote haikuondoka. Ila kwa mara ya kwanza ilikuwa na kitu cha kushika.

Alipofungua macho, kinda alikuwa bado anamtazama. Wote wawili walizaliwa chumba kimoja.

"Amekukaribisha vizuri sana," Tormod akasema pwani, ameziba pua. Kisha akaitoa mikono puani, akanusa, na uso wake ukabadilika. Njia yote ya kurudi alisimama upande wa Ceit Anna penye upepo wa kumletea harufu, na hakusema jambo la maana wala la upuuzi. Wageni wote walihamia upande wa pili wa boti.

Kesho yake Seonag alifika kumjulia hali mama yake, akaishia mlangoni. Alifungua madirisha yote. Akauliza kama kuna kitu kimefia ndani. Alipoonyeshwa koti, akalibeba kwa koleo la jikoni akitaka kwenda kulichoma, na Ceit Anna, ambaye hakuwa amempandishia bintiye sauti tangu aolewe, akamwambia alirudishe misumarini.

"Basi lifue."

"Silifui."

"Na kesho kanisani utavaa nini? Ndilo koti pekee zuri ulilonalo."

"Hilohilo," akasema Ceit Anna.

Akalivaa. Jumapili kule ni ya sala tu, watu hawaaniki hata soksi, na kanisani hakuna kinanda wala maua, kuna mbao na Neno na sauti za watu. Harufu ya Ceit Anna ilitangulia kuingia. Benchi lake likabaki wazi, la nyuma yake likasogea, la mbele likakohoa. Wanawake wakatazamana. Seonag alikaa kando ya mama yake, mwekundu masikioni, lakini alikaa. Mchungaji alipanda mimbarini, akanusa, akafungua kitabu upesi. Mwimbishaji akasimama kuanza zaburi, na pakawa na kimya kile cha kabla ya sauti ya kwanza.

Kwenye benchi la mbele kabisa, bibi Oighrig, aliyekuwa ameinamisha kichwa kama kawaida yake, alikiinua. Alinusa. Alinusa tena, shingo imenyooka.

"Nani ametoka nyumbani?" akauliza, kwa sauti kamili, kanisa zima likasikia.

Mwanawe akamnong'oneza anyamaze. Hakunyamaza. Aliuliza tena, na sasa sauti ilikuwa inatetemeka. Ceit Anna akainuka, akapita kati ya mabenchi mbele ya macho ya watu wote, akakaa kando yake. Tormod naye akatoka alikokuwa, akaja akasimama nyuma yao.

"Ni mimi, bibi. Ceit Anna wa Mòr."

Bibi kizee akaupapasa mkono wa koti mpaka akalipata doa, akalileta usoni.

"Uliwasalimu?"

"Niliwasalimu."

"Wakajibu?"

"Walijibu, bibi."

Oighrig akatikisa kichwa kukubali, akaushika ule mkono wa koti kwa mikono yake miwili. Mwimbishaji alingoja kidogo, kisha akaanza zaburi, na Oighrig akaiimba yote, neno hata moja hakulikosa, akiwa amelifumbata koti usoni mpaka ibada ikaisha.